Feruzi, na Hadhari za Mwenye Kuinunua

Lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa watu waliorithi pete kwa nyanya zao, au waliojinunulia kikuku katika soko la Muttrah huko Oman, au waliorejea na kidani kutoka Mashhad walikokwenda kwa ziara, ni kwamba feruzi yao, ambayo siku ya kwanza ilikuwa samawati safi isiyo na doa, imeanza kugeuka kijani pembezoni. Na kwa kuwa muuzaji hakuwaambia neno lolote juu ya jambo hilo, wao wamekata shauri kwamba wameghashiwa, na pete imekwisha kutupwa ndani ya kisanduku pamoja na vipuli vilivyopotelewa na wenzao. Yamkini wameghashiwa kweli, kwani feruzi za uongo zimejaa madukani. Lakini aghalabu pete iliyogeuka hivyo ni ya halali kabisa, na kosa ni la mvaaji, ambaye alijipaka mafuta ya nazi akiwa nayo kidoleni, akaoshea vyombo, akaifukiza udi pamoja na nguo, akainyunyizia marashi, kama alivyozoea kufanya kwa pete yake ya dhahabu tupu. Makala haya nawaandikia watu hao, na pia wale ambao hawajanunua bado lakini wamekwisha simama mbele ya kabati la sonara wakiliangalia jiwe hilo kwa jicho la matamanio.

Sifa iliyo mama wa sifa zote za feruzi ni kwamba jiwe hili hunywa. Almasi hainywi, wala yakuti hainywi. Ukizidumbukiza katika mafuta zitatoka kama zilivyoingia. Feruzi, kwa kuwa imejengwa kwa chembe ndogo mno zilizobanana, zenye nafasi kati yake zisizoonekana kwa jicho, hunywa kinachoigusa kama mtungi wa udongo unavyonywa maji hata ubavu wake ukatoa jasho. Zipo feruzi zilizobanana sana, zinywazo kidogo, na zipo zilizolegea hata zikakaribia chaki. Baina ya ncha hizo mbili ndipo ilipo biashara yote ya jiwe hili, kwa halali yake na kwa haramu yake. Mtu akilishika jambo hilo moja hatahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini rangi hugeuka, kwa nini mafundi hulitia jiwe nta na utomvu wa viwandani, kwa nini rangi ya kupaka huingia kwa wepesi, au kwa nini mawe mawili yaliyo sawa machoni bei zake huachana kwa mbali.

Kwa kauli ya wanakemia, feruzi ni fosfati ya shaba na alumini iliyofungamana na maji. Shaba ndiyo inayoleta samawati. Chuma kikijipenyeza mahali pa alumini, rangi huelekea kijani, na kadiri chuma kinavyozidi ndivyo kijani kinavyozidi. Huzaliwa katika nchi kame, karibu na uso wa ardhi, pale ambapo maji ya mvua iliyo haba hupenya katika miamba yenye shaba, yakachukua madini kidogo hapa na kidogo pale, yakayaacha ndani ya nyufa, na baada ya muda mrefu yakawa jiwe. Kwa sababu hiyo hupatikana kama mishipa myembamba na vidonge vidogo, nadra kuwa bonge kubwa, na mara nyingi huja na michirizi ya kahawia au myeusi ambayo ni mabaki ya mwamba uliolizaa. Fuwele zake ni ndogo hata jicho haliwezi kuzipambanua. Ni huko Lynch Station, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ndiko wataalamu walikopata fuwele za kutosha kulichunguza umbo lake barabara.

Ugumu wake katika kipimo cha Mohs, ambacho talki ni 1 na almasi ni 10, ni baina ya 5 na 6. Tarakimu hiyo haina maana kwa mnunuzi mpaka aambiwe kwamba kwarizi, ambayo chembe zake zimo katika mchanga na vumbi la kila nyumba, ni 7. Maana yake ni kwamba anayeifuta pete yake yenye vumbi kwa kitambaa kikavu, kwa nia njema ya kuing'arisha, anaikwaruza. Na baada ya miaka kadhaa ya usafi wa namna hiyo ule mng'ao wake laini, unaofanana zaidi na nta kuliko kioo, hufifia ukawa ukungu.

Hapa yafaa nitenge kando vito vingine vya buluu, maana wengi huvichanganya. Tanzanaiti, iliyogunduliwa katika vilima vya Mererani mwaka 1967, hupitisha nuru, nayo hukatwa nyuso nyingi ili imetemete. Yakuti ya samawati vilevile. Feruzi haipitishi nuru, wala hakuna maana ya kuikata nyuso. Huchongwa ikatuna juu na kuwa bapa chini, basi. Mshirika wake wa karibu ni lapisi lazuli ya Badakhshan, huko Afghanistan, ambayo nayo haipitishi nuru, lakini buluu yake ni nzito kama wino na mara nyingi ina vitone vya rangi ya dhahabu ndani yake. Muuzaji akikuonyesha jiwe la buluu nzito lenye vitone hivyo akaliita feruzi, ama hajui kazi yake au anakupima.

Watu wa kwanza kulitafuta jiwe hili kwa amri ya serikali, kwa misafara na makarani na askari, ni Wamisri wa kale. Katika kaburi la Djer, mfalme wa ukoo wa kwanza wa Mafirauni, huko Abydos, wachimbaji wa Flinders Petrie, mtaalamu wa mambo ya kale, waliukuta mkono wa maiti uliofungwa sanda na kufichwa tunduni na wezi wa zamani, na mkononi humo mlikuwa na vikuku vinne vya dhahabu, feruzi, lapisi lazuli na amethisti, ambavyo vina umri wa miaka 5,000 hivi na viliingizwa katika jumba la makumbusho la Kairo. Feruzi hiyo ya Wamisri ilitoka Sinai, katika Wadi Maghara na katika jabali la Serabit el-Khadim, ambako walijenga hekalu la Hathor, mungu wao wa kike waliyempa lakabu ya Bibi wa Feruzi. Huko Serabit ofisa mmoja wa Firauni Amenemhat wa Tatu, jina lake Horurre, aliacha jiwe la maandishi takriban miaka 1,800 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akieleza kwamba aliwasili katika msimu wa hari, ambao si msimu wa kuyaendea machimbo yale, na kwamba wenye kujua walimwambia rangi ya feruzi huharibika wakati wa joto. Alishikilia kazi yake, akafanikiwa, na akajisifu. Lakini kwetu sisi faida ya maneno yake ni kwamba nasaha ya kuikinga feruzi na joto ni kongwe kuliko vitabu vyote tunavyovisoma.

Kuna jambo jingine la Serabit ambalo, ingawa halimhusu sana mnunuzi wa pete, siwezi kulipita kimya. Mwaka 1905 Petrie alikuta huko maandishi mafupi ya alama chache chache, yaliyoachwa katika mazingira ya wachimbaji wa feruzi, na mwaka 1916 mwanachuoni Alan Gardiner aliweza kusoma ndani yake jina la Baalat, mungu wa kike wa watu wa Kanaani. Wanazuoni wengi huzihesabu alama hizo kuwa asili ya mbali ya herufi za Kifoinike, ambazo zilizaa kwa upande mmoja herufi za Kigiriki na Kilatini, na kwa upande wa pili, kwa njia ya Kiaramu, herufi za Kiarabu. Kiswahili chetu kimeandikwa kwa hati zote mbili, na zote mbili nasaba yake inapita katika machimbo yale.

Baada ya Misri jina kubwa ni Nishapur, katika Khorasan ya Uajemi. Feruzi ya huko ndiyo iliyokuwa kipimo cha feruzi zote kwa zaidi ya miaka elfu, na Abu Rayhan al-Biruni, yule mwanachuoni wa karne ya 11, aliiweka katika kitabu chake cha kuyajua majohari. Waandishi wa Kiislamu wa vitabu vya vito hawakusubiri maabara ya leo ili kujua tabia ya jiwe hili. Walikwisha andika kwamba mafuta huondoa uzuri wake na kwamba jasho na manukato hulidhuru. Tajiri mmoja wa Kifaransa wa biashara ya vito, Jean-Baptiste Tavernier, aliyesafiri Uajemi katika karne ya 17, ameandika kwamba feruzi ya mwamba wa kale ilihifadhiwa kwa ajili ya Shah peke yake. Bidhaa hiyo ilifika Ulaya kwa kupitia nchi ya Waturuki, na Wazungu, wasiojua chimbuko lake, wakaiita kwa jina la Waturuki hao.

Amerika nayo ilikuwa na feruzi yake na mapenzi yake, bila kuwahi kusikia habari za Nishapur. Waazteki waliigawa katika vipande vidogo vidogo na kuvipanga juu ya mti kwa ustadi usio na mfano. Yule nyoka wao mwenye vichwa viwili, aliyefunikwa na feruzi, yumo katika British Museum. Huko Chaco, New Mexico, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta shanga za feruzi kwa maelfu katika makaburi ya Pueblo Bonito. Wanavaho, ambao leo kila mtalii wa Arizona huwadhania kuwa wamefua fedha na feruzi tangu kuumbwa ulimwengu, walijifunza uhunzi wa fedha katika karne ya 19 tu. Na wanawake wa Ladakh, katika milima ya Himalaya, huvaa vilemba vya ngozi vilivyopangwa feruzi tangu kipaji cha uso hata mgongoni, mzigo ambao kichwa cha mwanamke wa pwani, kilichozoea leso na buibui, kingeuomba radhi.

Na pwani yetu? Jiwe lenyewe halikuwa bidhaa kubwa huku. Tulilolipokea kwa wingi ni rangi yake. Katika Manda, Shanga na Unguja Ukuu vimefukuliwa vigae vya mitungi mikubwa yenye mpako wa kung'aa wa samawati na kijani, iliyoletwa kwa majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi katika karne ya 8 hadi ya 10, na rangi ya mitungi ile imetokana na shaba, madini yale yale yanayoipa feruzi rangi. Pete na vidani vilikuja kwa mahujaji na mabaharia, na hata leo njia kuu ni hiyo: Mashia wanaotoka Dar es Salaam, Unguja au Mombasa kwenda kumzuru Imamu Ridha huko Mashhad, ambako Nishapur si mbali, hurejea na pete za feruzi na za akiki, ambazo katika madhehebu yao zina heshima ya pekee. Watu wengine huivaa kuwa kinga ya kijicho, na katika Ulaya ya kale ilisadikiwa kuwa humlinda mpanda farasi asianguke. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nasema tu kwamba anayetoza bei maradufu kwa sababu ya baraka zilizomo katika jiwe anauza kitu ambacho mizani yake haiwezi kukipima.

Sasa nije kwenye kununua. Waajemi huzigawa feruzi zao kwa namna ambayo mnunuzi wa kawaida aweza kuifuata bila taabu: ajami ni ile ya samawati moja, kali, iliyoenea sawasawa bila mchirizi, shajari ni ile yenye michirizi iliyotawanyika kama matawi. Kwa Waajemi ajami ndiyo bora. Kwa Wamarekani shajari nyembamba yenye nyuzi nyeusi zilizofumana sawasawa yaweza kupata bei kubwa vilevile. Rai yangu ni kwamba anayenunua kwa ajili ya kuvaa na asichague kwa cheo, achague kwa macho yake mwenyewe, ila aangalie mambo mawili: rangi isiwe na mabaka meupe kama ya chokaa, kwani hayo ni dalili ya jiwe lililolegea, na michirizi, kama ipo, isiwe na ufa unaoshikika kwa ukucha, kwa kuwa hapo ndipo litakapovunjika siku moja mlango utakapoligonga.

Uliangalie jiwe nje, kwenye kivuli cha mchana. Taa za maduka ya vito huchaguliwa kwa hila, na taa nyeupe yenye kuelekea buluu huweza kuifanya feruzi ya kijani ionekane ya samawati. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakitoka dukani na kitu kimoja na kufika kituo cha basi na kitu kingine. Sonara mwaminifu hatakukataza kusogea mlangoni na pete mkononi. Akikukataza, umekwisha pata jibu.

Za uongo ni za namna nyingi, lakini zinazowanasa watu wetu zaidi ni tatu. Kwanza ni mawe meupe, haulaiti na magnesaiti, ambayo kwa asili yana michirizi na kwa asili hunywa rangi. Huchovywa katika rangi ya samawati yakafanana na feruzi kiasi cha kumhadaa hata mtu mzoefu aliye na haraka. Pili ni unga wa feruzi, au unga wa kitu kingine kabisa, uliochanganywa na plastiki na kushindiliwa ukawa kipande. Tatu ni plastiki tupu au kioo.

Ukiishuku shanga kwamba ni jiwe jeupe lililochovywa, usiitazame usoni, itazame tunduni. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, igeuze hata nuru iingie moja kwa moja katika tundu lililotobolewa kupitishia uzi, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia, kile kidogo cha mafundi wa saa kinachokuza mara 10. Katika jiwe lililochovywa mara nyingi utaona ukingo wa samawati mwembamba kama ganda, na ndani yake weupe; na katika nyufa ndogo juu ya uso rangi imejikusanya, nzito kuliko mahali pengine, kwa sababu rangi ya maji hukimbilia kwenye ufa. Jiwe la asili halina sababu ya kuwa na rangi nzito ndani ya ufa kuliko pembeni mwake. Kama shanga ni yako, loweka pamba kidogo katika asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na uisugue mahali pa siri. Pamba ikitoka na samawati, shauri limekwisha. Isipotoka, bado usitangaze ushindi, kwani zipo rangi zisizotoka, na wapo wanaozifunika kwa utomvu.

Plastiki hujulikana kwa uzito na ubaridi. Feruzi ya kweli huzidi uzito wa maji mara 2.6 hadi 2.9, na ukiiweka shavuni huhisi baridi kwa kitambo. Plastiki ni nyepesi na hupata joto la mwili mara moja. Kioo nacho ni baridi, lakini chini ya kioo cha kukuzia mara nyingi utakuta viputo vya hewa, na palipomeguka pana mng'ao mkali. Jaribio la sindano ya moto, ambalo wazee husimulia kwa furaha, linafaa kwa kitu chako mwenyewe ambacho huna haja nacho tena; usilifanye dukani, na usilifanye kwenye pete ya nyanya, maana hata jiwe la kweli lililotiwa utomvu litatoa harufu na kubaki na kovu.

Hapo tunafika mahali ambapo watu wema kabisa hugombana bila sababu, nao ni mlango wa matengenezo. Feruzi nyingi inayouzwa duniani leo imetengenezwa kwa njia moja au nyingine. Kutia nta au mafuta ni desturi ya zamani. Kutia utomvu wa viwandani kwa kushindilia, ili jiwe lililolegea lipate kushikana na kuchongwa, kulienea tangu miaka ya 1950. Na kuna njia nyingine, iliyoanza miaka ya 1980 na inayojulikana kwa jina la Zachery, ambayo haiachi utomvu ndani ya jiwe, nayo haitambulikani ila kwa vipimo vya maabara. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1972 Pierre Gilson, Mfaransa, aliuza feruzi iliyotengenezwa na binadamu. Mimi sioni aibu katika jiwe lililotiwa utomvu. Kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono yake huenda likamfaa kuliko la asili tupu, kwa kuwa halinywi tena mafuta ya jikoni. Aibu ni kuliuza kwa bei ya lile ambalo halikuguswa, na feruzi ya rangi nzuri ambayo haikuguswa ni haba: machimbo ya Sleeping Beauty huko Arizona, yaliyosifika kwa samawati yake safi, yaliacha kutoa feruzi mwaka 2012, na mengi ya mawe yaliyopo sokoni sasa hutoka China, hususan mkoa wa Hubei, yakiwa mema na mabaya kwa pamoja. Kwa hiyo anayekuuzia kidani kizima cha samawati isiyo na doa kwa bei ya shanga za kioo, huku akiapa kwamba ni ya Nishapur, usimjadili.

Kuhusu mtindo sina maneno mengi. Fedha huipendeza feruzi kuliko dhahabu nyekundu, hayo ni macho yangu. Wairani hutia vipande vyake njumu juu ya sahani na vyombo vya shaba, kazi nzuri kuiweka sebuleni. Wanaoona kwamba ni jiwe la watu wa chini na wakumbuke taji dogo ambalo Napoleon alimpa mkewe Marie-Louise, lililokuwa na zumaridi: katika karne ya 20 nyumba ya Van Cleef & Arpels iliziondoa zumaridi zake 79 ili ziuzwe moja moja, na nafasi zake zikajazwa feruzi za Uajemi, ambazo leo watu hupanga foleni kuzitazama huko Washington. Pete ni pambo la hatari kwa jiwe la ugumu huu, kwa kuwa mkono hugonga kila kitu. Vipuli na kidani ni salama zaidi. Mwenye kutaka pete na achague ile ambayo fedha imelizunguka jiwe ukingo mzima, si ile iliyolishika kwa kucha nne.

Katika kuvaa, kanuni ni nyepesi kuisema na ngumu kuifuata: feruzi iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Jipake mafuta, jitie marashi na udi, jifunge nguo, kisha uivae. Ukirudi, ivue kabla ya kuingia jikoni au hamamuni. Ifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa, uikaushe papo hapo. Usiitie sabuni, wala limau, wala majivu, wala dawa ile ya kuchovya ambayo mafundi huuza kwa kung'arishia fedha, maana dawa hiyo haijui mpaka wa fedha na jiwe. Fedha iliyoingia weusi isugue kwa kitambaa, pole pole, ukilikwepa jiwe. Mashine za masonara zinazosafisha vito kwa mtikisiko wa mawimbi zinazifaa almasi. Feruzi uiweke mbali nazo. Usiiache juani dirishani, wala juu ya ubao wa mbele wa gari. Iweke katika kifuko chake peke yake, si pamoja na almasi na yakuti ambazo zitaikwaruza kila sanduku linapotikiswa.

Na iliyokwisha geuka kijani? Hapa nasikitika kuwavunja moyo waliosubiri dawa. Watu husema uizike mchangani, uipake hiki, uichemshe na kile. Mengi ya hayo huongeza madhara juu ya madhara, na yale yanayoonekana kufaulu ni kwa sababu yamelitia jiwe mafuta mapya yaliyolitia giza kwa wiki moja, kabla kijani hakijarudi kizito kuliko kwanza. Feruzi iliyokunywa mafuta ya miaka 30 imekwisha yanywa. Ivae ilivyo, kijani chake si kibaya, na katika Tibet na kwa mafundi wengi wa Marekani kijani kina wapenzi wake.

Hatari kubwa kuliko zote kwa pete ya urithi haitoki kwa mvaaji, hutoka kwenye meza ya fundi. Ukiipeleka pete ipunguzwe au iongezwe, sonara atatia moto juu ya fedha ili aiunge, kisha ataichovya katika asidi ili itoke weusi. Moto huinyang'anya feruzi maji yaliyo sehemu ya umbile lake, na asidi huula uso wake, hata jiwe lililovuka vizazi vitatu likarudi kwako kahawia, limepauka, na halina rufani. Mwambie kwa kinywa chako, naye akiwa anakutazama, kwamba jiwe ni feruzi na kwamba sharti alitoe kabla ya kuwasha moto na alirudishe kazi ikiisha. Akijibu kwamba ataifunika kwa kitambaa kibichi na mambo yatakuwa sawa, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kwa wanaonunua pete mpya, dai stakabadhi yenye maneno manne: jina la jiwe, uzito wake, kama ni la asili au limetengenezwa na binadamu, na kama limetiwa nta, utomvu au rangi. Muuzaji anayeijua bidhaa yake huyaandika kwa dakika moja. Anayesema maneno hayo hayana haja baina ya ndugu, mrudishie pete yake mezani, muage kwa adabu, na uondoke na fedha zako.